Matawi Barabarani

Sulimania, Riyadh
14 Januari 2011

Kwako Titus, kitinda mimba wa mama,

Barua yako imefika. Derrick wa lori, Mkenya mwenzetu, aliipenyeza katikati ya maboksi ya vigae, nami nikaichomoa wakati wanapakua dukani kwa bosi. Ubarikiwe. Umeandika nusu ukurasa, na robo yake ni salamu, lakini nimeisoma mpaka imeanza kuchakaa. Simu yangu bado iko kabatini kwa madam na anasema nitaipata siku ya kusafiri. Kwa hivyo zoea kuandika, mvivu wewe. Tuna bahati gani kuangukia kafili mmoja, bosi mmoja aliyetudhamini sote, wewe ulinde ghala lake huko Jeddah na mimi nimfulie kanzu huku, halafu tusionane hata kwa dirisha!

Nina jambo la kukuambia na usinicheke. Madam Mudhi anasoma. Mimi nilidhani mtu akishaolewa na kuzaa watatu amemalizana na shule, kumbe. Aliishi Amerika miaka minne, na sasa anaandika kitabu kizito cha kumpa udaktari, si wa sindano, ule wa vyuo. Mwezi wa tatu atajieleza mbele ya walimu wake kwa kompyuta, na anajizoeza kwangu. Mimi napiga pasi, yeye anasimama na karatasi zake kwa Kiingereza. "Peris, sikiliza. Ukichoka niambie." Sichoki, Titus. Nangoja pasi siku hizi kama vile wengine wanavyongoja Krismasi.

Ni habari ya vita vya Wamarekani wao kwa wao, enzi za babu wa babu. Upande wa kaskazini ulikuwa na wageni wengi, na Wajerumani walikuwa tele: waoka mikate, washona viatu, watengeneza mapipa. Walihama kwao, wakajiandikisha kuipigania nchi ambayo hata lugha yake walikuwa bado wanaitafuna tu. Wenzao waliwacheka lafudhi, wakawacheka chakula. Siku moja wakawekwa pembeni kabisa mwa jeshi, ubavu wao ukitazama msitu. Wakaona dalili kwamba adui anazunguka huko ndani. Wakatuma habari kwa wakubwa, wakatuma tena. Wakubwa wakasema hao Wajerumani ni waoga, wanaogopa vivuli.

Jioni walikuwa wanapika. Titus, msitu ukatoa swala! Swala na sungura, makundi kwa makundi, wakipita mbio katikati ya sufuria. Askari wakashangilia, wengine wakarusha kofia juu, wakidhani kitoweo kimejileta. Nyuma ya wale wanyama lilikuwa jeshi lote la adui.

Nilisahau pasi juu ya kanzu ya bosi, na ni Mungu tu haikuungua. Wengi walikimbia, na nani asingekimbia? Lakini wako waliogeuka wakasimama, wakapigana mpaka giza likaingia, na ndio waliowapa wengine nafasi ya kujipanga. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba Wajerumani wamekimbia. Si baadhi, Wajerumani. Wazee walikufa na jina hilo. Madam akifika hapo sauti humkatika, hugeukia dirisha. Mimi hustaajabu sana kumwona mwanamke wa Riyadh akiwalilia washona viatu wa ng'ambo.

Niandikie kurasa mbili, tafadhali. Kula vizuri.

Dada yako,
Peris Mwikali


Ghalani, Jeddah
22 Januari 2011

Sista,

Kurasa mbili umezitaka, nitajaribu, lakini mkono wangu umezoea rungu.

Hao Wajerumani wamenikaa kichwani. Nimewasimulia hata walinzi wenzangu usiku, na mmoja Mnepali akaniuliza kama swala walipona. Muulize madam.

Mimi niko sawa. Ghala liko kusini, jirani na Al-Mahjar, mtaa wenye watu wa kila taifa, ukipita asubuhi utasikia lugha kumi kabla hujafika kwa muuza mkate. Langoni kuna mti mmoja tu, wanauita damasi. Aliyeupanda ni marehemu baba yake bosi, na ukiniuliza kazi yangu ya kwanza hapa ni ipi, si kulinda vigae, ni kuumwagilia huo mti. Bosi mwenyewe, Abu Rakan, akija kutoka Riyadh husimama hapo kwanza, anashika majani, anasema maneno yake polepole. Mimi hunisalimu baadaye, na hunisalimu "ya Kenya," yaani ewe Kenya. Wote wananiita hivyo. Ukiita "Titus" hapa hakuna atakayejua unamtafuta nani.

Jambo moja linanisumbua. Barabara iliyo mbele ya lango imepita juu ya mfereji mkubwa unaoteremsha maji ya mvua kutoka vilimani. Ukingo wake umepasuka, na ukisimama karibu lori likipita unasikia chini pako wazi. Mzee wetu alikuwa taniboi wa malori miaka ishirini, alitufundisha kuangalia barabara kabla ya gari, unakumbuka. Nilimwonyesha msimamizi kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akacheka. "Mafi mushkila, hakuna tabu, ya Kenya. Hapa mvua inanyesha wapi?" Nikamwambia tena juzi. Akasema Wakenya tunapenda kuogopa.

Basi nikakumbuka hadithi yako, nikacheka peke yangu. Hapa swala hakuna. Kuna paka, nao wamelala.

Ndugu yako,
Titus Musyoki


Sulimania, Riyadh
2 Februari 2011

Titus,

Kama uko hai, nijibu hata neno moja. Sina salamu leo.

Tuliona mafuriko ya Jeddah kwenye televisheni, magari yakielea kama sandali. Madam alikaa kitako sakafuni na mkono mdomoni. Nilimwomba anipe simu, akasema mitambo imekatika. Siku mbili. Siku ya tatu bosi akapiga, nami nilikuwa naosha vyombo, nikasikia madam akisema "Kenya" na neno moja mara nyingi: hurubu, hurubu.

Nilimuuliza ni nini. Akaniambia pole pole, na macho yake hayakunitazama. Mfanyakazi akimtoroka kafili wake, kafili anakwenda kumwandikisha hurubu, aliyekimbia. Ikama, kibali cha kuishi huku, inakufa palepale. Polisi akikukuta ni ndani, halafu unasafirishwa, na alama za vidole vyako zinabaki huku zikisema mtoro mpaka mwisho wa dunia. Bosi amekuandikisha.

Wanasema maji yalipoanza kupanda uliacha lango wazi ukaenda. Vigae vimeharibika. Shati lako la kazi lilikutwa limetupwa kwenye uzio. Na kubwa kuliko yote, wanasema uliukata ule mti. Bosi amekuta umebaki gogo na vijiti. Madam anasema amemsikia mumewe akilia kwa simu, jambo ambalo hajalisikia tangu mazishi ya baba yake. "Kwa nini aukate, Peris? Kukimbia naelewa. Mti ulimkosea nini?" Sikuwa na jibu. Hata sasa sina, Titus, na linaniuma hilo pia, maana nakujua.

Jina halikuishia kwako. Lango la nyumba sasa linafungwa kwa kufuli mchana kutwa, na funguo anazo madam mfukoni. Watoto wamejifunza kuimba "Kenya hurubu" wakinipita jikoni. Jana madam alijizoeza tena. Alifika pale magazeti yanapowaita Wajerumani wote waoga kwa sababu ya lafudhi yao, sauti ikamkatika kama kawaida, akageukia dirisha. Mimi nikaendelea kupiga pasi. Nilitaka kupiga mayowe.

Derrick amekwenda ghalani hakukuona. Nimemwambia aiache barua hii Al-Mahjar kwa mtu yeyote anayesema Kiswahili. Wewe unayeisoma, kama si Titus, ni kijana mrefu, ana kovu kwenye kidevu, na ni wangu.

Peris


Al-Mahjar, Jeddah
11 Februari 2011

Kwa mwanangu Peris,

Hunijui, nami sikujui, lakini barua yako imenikuta mie. Naitwa Mwanamize binti Soud. Nakaanga sambusa na vitumbua hapa nyumbani kwangu, na kila mwenye Kiswahili kinywani kwake hupita kwangu, ndo maana yule dereva wenu akaniachia. Niliifungua. Nisamehe, umbea ninao tangu utotoni na sasa nimeshazeeka nao.

Kwanza moyo wako utue. Yuhai. Yupo hapa, chumba cha mbele, mguu umevunjika na unauguzwa. Sasa hivi anakula mkate wa kumimina na kunilalamikia kuwa namlisha mno. Basi vuta pumzi, kisha nikuhadithie kilichotokea.

Siku ile ya mvua mjukuu wangu Anas alikuja kunichukua kutoka kwa binamu yangu, tukawa tunarudi. Maji yamefika kwenye mlango wa gari. Anas anaendesha kwa pupa, nyuma yetu foleni ya magari yanapiga honi, kila mtu anataka afike kwake. Mara mbele ya taa nikaona majani. Rundo moja la matawi mabichi katikati ya barabara, limebanwa na vigae ili lisichukuliwe. Mbele yake kidogo jengine. Mbele yake la tatu.

Mwanangu, mie nimetoka Unguja na miaka kumi na miwili. Nimeishi huku arubaini na saba, nimezaa huku, Kiarabu changu wenyewe hawakitambui ugeni. Lakini marehemu baba alikuwa na gari la kuchukulia chokaa, na mtoto wa gari hasahau. Nilipiga ukelele, "Anas, simama! Mwenzio kakwama mbele!" Yeye kazaliwa hapa, hajui, akasema, "Bibi, takataka hizo." Nikaushika usukani. Wallahi niliushika. Gari likakaa upande, likaziba njia, na wote walo nyuma wakasimama wakitutukana.

Anas alishuka kwa hasira aone. Akarudi hana rangi. Barabara haikuwepo. Palikuwa na maji tu yanateremka na kelele, na kina chake Mungu ndo anakijua. Magari yalokuwa nyuma yetu, mwanangu, mengine yana watoto, na mabasi mawili ya wafanyakazi yamejaa. Ng'ambo ya pili ya shimo kulikuwa na mtu kifua wazi, yumo ndani ya maji mpaka kiunoni, anapunga tawi kuzuia magari ya upande ule. Hatukumwona uso. Kisha gogo likaja na maji, likampiga, hatukumwona tena.

Nikasema, yule ni mtu wa kwetu. Mwarabu wa hapa hajui tawi, Mhindi hajui. Yule kazaliwa barabara moja na mie.

Basi nikamtuma Anas amtafute, na Anas naye, aliyekuwa akisema Wakenya hawa wapya ni watu wa fujo, katafuta siku nane bila ya kuambiwa mara ya pili. Kamkuta chumba cha Wakenya wenzake, nyuma ya duka la makopo. Walimwokoa walinzi wa ghala la pili. Hospitali walimfunga mguu, na walipomuuliza ikama akaogopa, keshasikia habari ya hurubu, akatoka na magongo. Shati aliliweka kwenye uzio kwa sababu ndo kitu cheupe alichokuwa nacho, ili waonao waone. Mti aliukata kwa sababu ulikuwa mmoja.

Kumweka mtu wa hurubu ndani ni kesi, najua. Tulipofika sie hapa mwaka ule wa sitini na nne, waliotupokea vizuri walikuwapo, na waliotuita watu waliokimbia walikuwapo. Yalotukimbiza hakuna alouliza. Atakaa hapa.

Ni mimi mama yako wa Jeddah,
Mwanamize binti Soud


Sulimania, Riyadh
18 Februari 2011

Kwako Bi Mwanamize, shikamoo,

Nimeisoma barua yako ndani ya stoo ya mchele, nimepiga magoti. Sijui nianzie wapi kukushukuru, kwa hivyo nitakuambia tu kwamba nimelia mpaka mchele ukapata maji.

Matawi! Bibi, nilikuwa na jibu mkononi wiki mbili nzima na sikuliona. Mzee wetu alitutuma mimi na Titus tukiwa wadogo, lori limekufa kwenye mteremko wa Sultan Hamud, tukate matawi tupange barabarani, mbali, mbali zaidi, mpaka tuogope kurudi. Na bado niliposikia ameukata mti, niliwaza kama wao. Nilijiuliza mti ulimkosea nini.

Nilimwambia madam. Nilingoja mpaka alipofika kwa swala na sungura, nikazima pasi. Nikamweleza yote isipokuwa jina lako na mahali alipo Titus. Alinisikiliza mpaka mwisho, karatasi mkononi. Kisha akasema, "Nani anaweka majani ili kuonya watu? Watu wanaonywa kwa taa, kwa kibao. Peris, unampenda ndugu yako, kwa hivyo unaamini." Nikamwambia kwetu kila mtu anajua. Akasema hakuna mtu aliyeona. Nikasema yuko aliyeona. Akauliza nani, nikanyamaza, na nikaona kunyamaza kwangu kumemthibitishia alichokuwa akifikiri.

Hakunikasirikia. Alizikusanya karatasi zake akaniambia ni jambo tofauti na la Wajerumani. Alilisema hilo akiwa ameshatoka mlangoni.

Bibi, mimi nimefungiwa na Titus hawezi kutembea mtaani. Wewe una ulimi wao. Nisaidie.

Mwanao,
Peris Mwikali


Al-Mahjar, Jeddah
27 Februari 2011

Mwanangu Peris,

Sikumwandikia madam wako. Mwenye mti ni mwanamme, na nilisikia yuko hapa anahesabu hasara, basi nikavaa buibui langu la harusi nikamwendea.

Nilimkuta amesimama mbele ya lile gogo. Mtu mrefu, ndevu zimeingia mvi, na wallahi nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Ewe Abu Rakan, nimekuja kukuonyesha mti wa baba yako ulipokwenda." Akadhani nimerukwa na akili. Lakini mtu mzima akikushika mkono huwezi kumsukuma, na mie nilimshika barabara.

Njia ile wameifunga tangu siku ile, hakuna alopita. Matawi yapo. Yamekauka, yameshikana na tope, lakini yapo, marundo matatu, na kila rundo limewekewa vigae vyake juu. Akasema, "Bibi, haya ni yalokuja na mafuriko." Nikamwambia mafuriko hayapangi. Akainama, akakamata tawi moja, akaangalia lilipokatwa. Akaangalia kigae, chake mwenyewe, muhuri wa duka lake nyuma yake. Akasogea mpaka ukingoni akatazama chini.

Mie nikamwambia nilikuwa ndani ya gari la kwanza. Nikamwambia na mabasi. Nikamwambia mti ule umeziba shimo lile kwa watu wasiopungua mia, na baba yake amezipata thawabu zote akiwa kaburini, hata kama mwanawe hajui.

Alilichukua lile tawi, akaingia nalo garini, akaondoka. Sijui nimejenga au nimebomoa. Titus ananiambia nimebomoa. Mie nimemwambia ale.

Mwanamize


Sulimania, Riyadh
9 Machi 2011

Titus wangu,

Keti chini kama umesimama kwa magongo.

Bosi alirudi jana mchana. Hakula. Aliniita sebuleni, na madam alikuwa hapo na watoto, nami mikono ina sabuni. Nikajua ninafukuzwa. Mezani palikuwa na tawi kavu juu ya gazeti. Hakuniambia ametoka wapi wala amezungumza na nani. Akaniuliza jambo moja, kwa Kiarabu cha taratibu ili nielewe. "Peris, kwenu, ukiona matawi barabarani, maana yake nini?"

Nikamwambia, "Baba, maana yake mbele kuna hatari. Mwenzako anakuambia simama."

Akasema halas, usiseme tena. Akatoa simu akampigia Derrick, aliyekuwa njiani na lori, hajui lolote. Akaweka sauti wote tusikie. Akamuuliza vilevile, maneno yaleyale. Derrick hata hakupumua. "Bosi, kuna gari imekwama hapo mbele. Punguza mwendo. Uko wapi, bosi, nije?"

Ndani ya kifua changu nilisikia kitu ambacho sina jina lake, nilihisi kama Mungu amepita sebuleni na viatu vyake. Watu wawili waliotenganishwa na jangwa, na mwanamke wa tatu ambaye hata si wa nchi yetu, wote tunajua jambo moja, na jambo hilo lilikuwa limelala katikati ya barabara ya watu wasiolijua. Bosi alifunika uso kwa shemagi yake, kile kitambaa cha kichwani. Kisha akaondoka kwenda ofisi ya pasi za kusafiria, na hakurudi mpaka alasiri. Hurubu imefutwa. Narudia kwa sababu hata mimi nilimwomba arudie: imefutwa.

Madam alikuja jikoni baadaye. Nilidhani atasema kitu kikubwa, amesoma sana. Alisimama tu karibu na friji, akaniuliza jina lako lote. Nikamwambia Titus Musyoki Kilonzo. Akalisema mara tatu mpaka likamkaa vizuri mdomoni. Halafu akatoa simu yangu kwenye mfuko wa abaya, na funguo za lango, akaviweka vyote juu ya meza, akaenda kuwanyamazisha watoto waliokuwa wakiimba.

Kwa hivyo jana ulikuwa wewe kweli, na si ndoto. Dakika kumi nzima tumeshika simu na hakuna aliyesema la maana, wewe unacheka, mimi nacheka, Bi Mwanamize nyuma anauliza kama kuna aliyekufa. Mengine yote nimeona niyaandike.

Swala walipona, nilimuuliza madam. Anasema hakuna aliyeandika, lakini anadhani walipona.

Dada yako,
Peris


Ghalani, Jeddah
24 Desemba 2011

Sista,

Najua simu unayo, na tumeongea juzi. Lakini hili nilisema siwezi kulisema kwa simu, nikataka ulisome ukiwa umekaa, kama ulivyonifanyia mimi.

Niko lindoni kama kawaida, mguu unauma kukiwa na baridi tu. Abu Rakan hajawahi kuniomba msamaha, nami sijamdai. Akija sasa ananiita "Titos." Mti umechipua. Huwezi kuamini kasi yake, umefika juu ya lango na una majani mengi kuliko zamani, na yeye bado huusalimu kwanza kabla yangu.

Jana mvua ilikuja. Si ile ya Januari, lakini ilikuja kwa nguvu, na bosi alikuwa hapa kwa bahati, ofisini na hesabu zake. Barabara waliitengeneza miezi mingi na ukingo mpya ukaanza kuliwa na maji pale pale. Nilipoona lami inatitia nilichukua panga, nikakimbilia mtini, halafu miguu ikakataa. Nikasema, Titus, huu mti hapana. Umeshaukata mara moja. Nikasimama na panga mkononi, mvua inaninyeshea, nikitafuta kitu kingine chochote, boksi, turubai, chochote.

Nikasikia kitu kinavunjika upande wa pili wa gogo. Nikazunguka. Sista, alikuwa ni bosi. Kanzu ameikunja ameichomeka kiunoni, shemagi imeanguka kwenye tope, viatu hana. Alikuwa anavunja matawi ya mti wa baba yake kwa mikono mitupu, mikono inatoka damu, na huku anausemesha ule mti polepole kama anavyousemesha siku zote. Tayari alikuwa na marundo mawili miguuni.

Aliniona. Akaninyooshea mkono nimpe panga, nikampa. Akanipa matawi nikumbatie. "Yalla, Titos," akasema. "Weka mbali. Wanakuja kasi."

Nikaenda nayo mbali, mbali zaidi, mpaka nikaogopa kurudi, kama mzee alivyotutuma. Nikapanga la kwanza na la pili, nikabana na vigae. Gari la kwanza likatokea kwenye mvua, jeupe, la mtu wa hapa, namba za hapa. Nilisimama pembeni na moyo mkononi. Taa zake zikaangukia majani, na likapunguza mwendo, likawasha taa za tahadhari, likasimama kabisa. Dereva akashusha kioo. Akaniuliza kwa Kiarabu kama barabara imekatika tena.

Nikamwambia ndiyo. Nikarudi kuchukua matawi mengine.

Ndugu yako,
Titus Musyoki Kilonzo